Cluny: kanisa liliuzwa kwa mawe, nyumba ya wanafunzi ikabaki



Leo nataka tuongee juu ya monasteri moja ya Ufaransa ambamo wanafunzi wanasomea mpaka leo. Lakini kwanza niungame kitu, sababu bila hicho hamtaelewa kwa nini mimi mtu wa kilimo nimejiingiza katika mambo ya wamonaki.

Nilipokuwa mwaka wa pili, tulikuwa tunakaa katika jengo la zamani la matofali, la wakati wa Wabelgiji. Zamani mle watu walikuwa wanajaribu mbegu. Sisi tulikuta vyumba vimekatwa kwa triplex, tunalala wanne wanne. Mwisho wa koridori kulikuwa na kabati kubwa la droo ndogo ndogo. Kila droo ilikuwa na kikaratasi: jina la aina ya maharagi, kijiji ilikotoka, mwaka. Mbegu zenyewe fukusi walikuwa wamezimaliza zamani, kulibaki unga unga tu. Juma moja mvua ilinyesha bila kukata, makala ikapanda bei, courant hakuna. Mimi na wenzangu wawili tukatoa droo, tukazipasua, tukapikia bugali. Mbao ilikuwa kavu sana, inawaka vizuri. Vile vikaratasi njo tulivitumia kuwashia moto.

Siku ile sikuona ubaya. Tulikuwa na njaa, na kabati halikuwa la mtu. Ubaya niliuona baada ya miaka, nikiwa tayari na licence yangu, mama mmoja mkulima aliponiuliza: "Mwanangu, wewe ulisoma hii mambo. Ile maharagi ya mistari ya zamani, yenye ilikuwa inavumilia mvua, inaweza kupatikana wapi?" Nilimjibu sijui. Lakini ndani ya roho nilijua kwamba pengine jina lake na kijiji chake vilikuwa katika zile karatasi nilizowashia moto.

Basi, dada mmoja niliyesoma naye sekondari alipata bourse ya kusomea mambo ya mbao Ufaransa, katika mji mdogo unaoitwa Cluny, huko Bourgogne. Siku moja alinitumia picha na sauti yake: "Ndugu, njo huku tunasomea. Hii yote ilikuwa nyumba ya bamonaki. Ukuta iko munene, joto ya inje haiingie." Katika picha niliona baraza ndefu za mawe zinazozunguka ua, na wanafunzi wanapita wamevaa makoti marefu ya kijivu kama mafundi wa garaji. Nikamwuliza: sasa kanisa la hao wamonaki liko wapi? Akanijibu: "Kanisa? Baliiuzisha, jiwe moja moja."

Jibu hilo lilinikaa kichwani. Nikaanza kusoma historia ya Cluny kila nilipopata megabaiti. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mwanzo wake ni shamba

Mwaka 910, Duke Guillaume wa Aquitaine alimpa Abati Bernon mali yake ya Cluny ili wamonaki wa kanuni ya Mtakatifu Benedikto waishi pale. Hati ya kutoa inataja mali hiyo kama sisi tunavyofanya inventaire ya konsesio: mashamba, mizabibu, malisho, misitu, maji, vinu. Inataja pia watumwa waliokuwa wakilima pale, wanaume na wanawake. Tusilipite neno hilo haraka. Sala za Cluny zilisimama juu ya migongo ya watu ambao majina yao hatuyajui.

Hati iliweka sharti moja kubwa: hakuna bwana wa nchi, hata Duke mwenyewe na watoto wake, wala askofu, atakayegusa mali ya wamonaki. Waliwekwa chini ya ulinzi wa Mtume Petro na Paulo, maana yake chini ya Papa wa Roma. Uhuru huo ulikuwa kitu adimu wakati ule ambapo kila bwana mwenye farasi na upanga alijiona mwenye kanisa. Cluny ikakua. Katika miaka mia mbili ilikuwa na nyumba kwa mamia katika Ulaya, zote zikimtii abati mmoja.

Mwanafunzi wa miaka elfu iliyopita

Tunapofikiri mwanafunzi wa monasteri tunaona kijana mkubwa mwenye vitabu. Kumbe wanafunzi wa kwanza wa Cluny walikuwa watoto wadogo. Wazazi, mara nyingi watu wa ukoo mkubwa, walimtoa mtoto kwa Mungu kama sadaka, na mtoto akabaki mle maisha yake yote. Hakuulizwa. Alijifunza kusoma kwa Zaburi, kuimba, kuandika Kilatini. Walimu walimchunga mchana na usiku. Hata kwenda choo usiku hakwenda peke yake. Mmonaki mmoja, Ulrich, aliyeandika desturi za Cluny karibu na mwaka 1080, alijisifu kwamba hata mtoto wa mfalme katika jumba la baba yake halelewi kwa uangalifu kuliko mtoto mdogo kabisa wa Cluny.

Na kimya! Saa nyingi za siku hairuhusiwi kusema. Kwa hiyo wamonaki walitengeneza lugha ya vidole, na mgeni alipaswa kuijifunza kama sisi tulivyojifunza Kifaransa cha auditoire. Kuomba mkate, unafanya duara kwa vidole gumba na vya shahada vya mikono miwili. Kuomba samaki, unatikisa mkono kama mkia wa samaki ndani ya maji. Mimi nikisoma hayo nilicheka peke yangu, sababu hata sisi tulikuwa na ishara zetu za kuulizana nyuma ya mwalimu kama kuna kitu cha kula nyumbani. Mwanafunzi ni mwanafunzi, na ishara ya kwanza anayoijua ni ya chakula.

Baadaye nyumba hiyo ilipokea pia wasomi waliokomaa. Abélard, mwalimu maarufu kuliko wote wa Paris, alipohukumiwa na maaskofu mwaka 1140 aliwasili Cluny mzee, mgonjwa, njiani kwenda Roma kujitetea. Abati Pierre, anayeitwa Mheshimiwa, alimkaribisha, akampatanisha na maadui wake, akamwacha aendelee kusoma na kufundisha. Alikufa mwaka 1142 katika nyumba nyingine ya Cluny, karibu na Chalon. Miaka hiyohiyo Abati Pierre aliwalipa wafasiri kule Hispania watie Kurani yote katika Kilatini, ya kwanza kwa Wazungu. Hakuipenda dini ya Uislamu, aliitaka tafsiri ili abishane nayo. Lakini angalau alitaka kusoma kwanza, ndipo abishe. Wangapi wetu tunafanya hivyo?

Dhahabu na ghala

Sasa nakuja kwenye sehemu inayonihusu mimi mtu wa udongo.

Mwaka 1088 Abati Hugues alianza kujenga kanisa la tatu la Cluny. Urefu wake, pamoja na ukumbi wa mbele, ulifika mita 187. Dari ya mawe ilikuwa juu kama mita 30. Kwa miaka zaidi ya mia nne hapakuwa na kanisa kubwa kama hilo kwa Wakristo wa Magharibi, mpaka Roma ilipojenga upya kanisa la Mtakatifu Petro. Papa Urbano wa Pili, ambaye naye alikuwa mmonaki wa Cluny, alikuja kubariki altare mwaka 1095.

Pesa ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka mbali. Alfonso wa Sita, mfalme wa León na Castilla, alikuwa anatuma dhahabu kila mwaka, na yeye aliipata kama kodi kutoka kwa watawala Waislamu wa Hispania. Mwanahistoria Georges Duby alichunguza hesabu za Cluny akaonyesha jambo ambalo sisi tunalijua sana: pesa ya nje ilipoingia, nyumba ikazoea kununua. Mkate na divai vikatoka sokoni, mashamba ya nyumba yakaachiliwa. Halafu dhahabu ya Hispania ikapungua. Pierre alipokuwa abati mwaka 1122, alikuta wamonaki 300 na zaidi, na nyumba ambayo kwa mali yake yenyewe haikuweza kulisha hata 100.

Akafanya nini? Akarudi shambani. Akapanga upya mashamba, akaagiza kila moja lilishe nyumba kwa muda wake, akaongeza mizabibu. Katika miaka ya 1150, kwa msaada wa Henri, askofu wa Winchester, mashamba yalihesabiwa moja moja: mbegu ngapi imepandwa, mavuno ngapi yametoka. Hesabu hiyo imetufikia. Shamba zuri kabisa lilirudisha karibu mara 6 ya mbegu. Mabaya yalirudisha mara 2 hivi. Wenzangu wa kilimo, piga hesabu hiyo: unapanda gunia moja, unavuna mawili, moja unaliweka mbegu ya mwaka kesho. Linabaki gunia moja la kula, na mmonaki, mlimaji, ng'ombe na panya wote wanalingojea hilohilo.

Mwisho wa karne ya 13 wakajenga ghala kubwa, linaloitwa Farinier, karibu na mnara wa kinu. Chini ni chumba chenye baridi cha pipa za divai, juu nafaka na unga, na paa lake la mbao limefungwa kama mtumbwi uliogeuzwa. Shikeni ghala hilo akilini, tutalirudia.

Siku kanisa lilipouzwa

Mwaka 1790 Mapinduzi ya Ufaransa yalifuta nadhiri za utawa. Mwaka uliofuata wamonaki wa mwisho wakatoka. Mwaka 1798 majengo yakauzwa kwa wafanyabiashara, na hao hawakununua kanisa, walinunua mawe. Barabara ilikatwa katikati ya kanisa. Wakavunja, wakauza, hata baruti ikatumika, mpaka mwaka 1823 hivi. Kwa jirani, Napoleon alikuwa ameamuru pafanywe zizi la taifa la kuzalisha farasi, na mawe ya kanisa yakasaidia kulijenga. Leo, katika kanisa lile lote, haijabaki hata sehemu moja ya kumi. Umesimama mkono mmoja wa kusini na mnara wake.

Watu wengi wakisoma habari hii wanawatukana wale wafanyabiashara. Mimi nilishindwa kuwatukana. Nilikumbuka droo. Mwenye kujenga nyumba akiona mawe mazuri yaliyochongwa tayari, na mwenye mawe amefukuzwa, atasema nini? Atasema kile tulichosema sisi: si ya mtu.

Lakini angalia kilichobaki, kisha uniambie kama unaona ninachoona. Ghala limebaki, ijapokuwa karne ya 18 lilikatwa sehemu. Mnara wa kinu umebaki. Zizi la farasi lililojengwa kwa mawe ya kanisa limebaki. Na nyumba kubwa ya kuishi, ile ambayo wamonaki waliijenga upya katika karne ya 18 na baraza zake ndefu, imebaki. Kanisa lilikuwa zuri kuliko vyote, na likaenda. Vile vilivyokuwa na kazi ya kufanya kesho asubuhi, vilibaki. Hata vichwa vya nguzo vilivyookolewa katika kanisa, vile vilivyochongwa mito ya Paradiso na sauti za muziki, vimewekwa wapi? Juu, ndani ya lile ghala. Utukufu umekwenda kulala kwa unga.

Wanafunzi wanarudi

Mwaka 1866, Victor Duruy, waziri wa elimu wa Ufaransa, alifungua katika nyumba hiyo shule ya kutayarisha walimu wa elimu mpya: si Kilatini na Kigiriki, bali sayansi, lugha za leo, mambo ya kazi na biashara. Wakubwa wengi waliidharau, na mwaka 1891 ikafungwa. Lakini nyumba haikubaki tupu: mwaka huohuo ikaingia shule ya mafundi na wasimamizi wa kazi, na mwaka 1901 ikawa moja ya shule za taifa za Arts et Métiers, zinazotoa mainjinia.

Shule hizo nazo zina asili yenye harufu ya shamba. Duke wa La Rochefoucauld-Liancourt, mtu aliyependa kilimo kipya, alianzisha mwaka 1780 kwenye mali yake shule ya kuwafundisha watoto wa askari maskini kazi za mikono. Kutoka hapo familia yote ya Arts et Métiers ikazaliwa. Na Cluny si peke yake: wenzao wa Angers nao wanasomea katika monasteri ya zamani, ya masista, inayoitwa Ronceray. Kwa muda mrefu wanafunzi wa shule hizo walilala palepale, kwa nidhamu ya kiaskari, kengele ya kuamka, kengele ya kula, koti moja kwa wote. Ukitoa sala, mmonaki wa mwaka 1100 angejiona nyumbani.

Kuanzia mwaka 1928, Mmarekani mmoja wa Harvard, Kenneth Conant, alichimba pale miaka mingi akitafuta misingi ya kanisa, akapima, akachora. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanafunzi wa uinjinia wa Cluny, wakitumia michoro na vipimo hivyo, walilijenga lile kanisa tena ndani ya kompyuta. Walikuwa wanajifunza kuchora vipande vya mashine. Wakachukua chombo hichohicho, wakachora nguzo, dari, madirisha. Mwaka 2010, monasteri ilipotimiza miaka 1100, kazi hiyo ilikuwa imefika kuwa filamu, na mgeni akaweza kuona kwa macho kile ambacho wafanyabiashara walikiuza.

Hapo ndipo nilipoacha kusoma, nikatoka inje kupunga upepo.

Sababu mnaona: hao vijana hawakuwa wanahistoria. Hawakuwa wamonaki. Wengi pengine hawasali. Walikuwa tu watu waliokaa mle, wanaopita kila siku mbele ya mnara uliobaki peke yake. Mtu anayekaa mahali anaanza kuuliza: hapa kulikuwa na nini? Nyumba iliwatunza, na wao wakairudishia kitu.

Na sisi?

Msinielewe vibaya. Sisemi tuwe kama Ufaransa. Wao walivunja kanisa kubwa kuliko yote wakiwa na serikali, sheria na maaskari. Sisi tulivunja droo tukiwa na njaa. Ninachosema ni kwamba haitoshi kuandika "patrimoine" mlangoni, kisha kufunga kwa kofuli. Chumba kilichofungwa kinaliwa na mchwa, halafu na majirani. Chumba chenye wanafunzi, nacho, kinaweza kuliwa na wanafunzi wenyewe, mimi ni shahidi. Tofauti inaletwa na kama wanajua kilichomo. Pale kwetu hakuna aliyetuambia zile droo ni nini. Na sisi hatukuuliza, ingawa tulikuwa tunasoma kilimo! Hapo kosa ni letu.

Wa kilimo wote tunaijua Yangambi, iliyokuwa kituo kikubwa cha INEAC tangu miaka ya 1930. Herbarium yake ingali pale, majani makavu na majina yake, sababu kuna watu walioendelea kuingia asubuhi na kufanya kazi hata miaka mibaya. Inawezekana basi, na si Cluny tu.

Ninaomba kitu kidogo kwa association. Katika salongo yetu inayokuja, badala ya kufyeka nyasi peke yake, twende katika yale majengo ya zamani tunayoyajua, tukiomba ruhusa kwa wenye kuyasimamia, na daftari na telefone ya kupiga picha. Tuandike kilichobaki: kabati, rejista, ramani za udongo, hata kikaratasi kimoja. Halafu kila mwaka, wanafunzi wapya wakiingia, mkubwa mmoja awazungushe, awaambie: hapa kulikuwa na hiki. Nusu saa inatosha.

Lile kabati sikulichoma lote. Nilirudi kuangalia mwezi uliopita. Droo 9 bado ziko, na 4 zina karatasi zinazosomeka. Nimezinakili. Moja inasema maharagi ya mistari, na jina la kijiji. Kijiji hicho kipo bado, na kuna wamama wazee. Jumamosi nitaenda kuwauliza.